Kigoda na Nenosiri

Mama Gasper alinipigia simu Jumanne saa tano asubuhi. Sauti yake ilikuja vipande vipande, kama ya mtu anayeongea huku anatafuna muwa.

"Fundi Stanslaus, ile waifai haishiki."

"Inakataa kabisa, au inashika na kuachia?"

"Haishiki."

"Taa za ruta zinawaka?"

"Zote zinawaka. Baba mkwe anaangalia ng'ombe wake kwenye simu, wanatembea vizuri tu. Ni kwangu ndiyo haishiki. Na keshokutwa Alhamisi saa nne nina usaili wa video, fundi. Saa nne kamili. Nisipoonekana hapo, basi."

Nilijua maana ya hiyo basi. Jina lake ni Scholastika, muuguzi wa zahanati moja huko Buhare, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Shirika moja la afya ya mama na mtoto lilikuwa linatafuta muuguzi wa kuzunguka vijiji vya Bunda. Waliomba watu mia mbili na zaidi, wakaitwa wanane, na yeye akiwa mmoja wao. Usaili ulikuwa wa video kwa sababu wakubwa wenyewe walikuwa mbali.

Nikamwambia nakuja.

Nyumba yao iko Makoko, upande wenye majabali. Mume wake, Mseti, alipojenga hakupigana na mawe. Aliyafuata. Sebule imeinama kidogo kulizunguka jabali moja, na ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala si ukuta, ni jabali lenyewe limepakwa chokaa. Ni nyumba ya baridi na nzuri, ila mtandao wa simu hauingii. Ukitaka kuongea bila kukatika unapanda juu ya jiwe, unaelekea ziwani, unashika kofia.

Ndiyo maana miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimewafungia antena juu ya jiwe hilo, waya ukashuka mpaka kwenye ruta ndogo sebuleni. Siku hiyo nilimuuliza Mseti anataka nenosiri gani. Mseti ni fundi mitambo huko Buhemba, mgodini, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Alifikiri kidogo, akamtazama baba yake aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Weka jina la mzee," akasema. "Nyamhanga, na mwaka wake, 1948. Hilo hakuna wa kulisahau hapa."

Mzee Nyamhanga alifurahi hata akaniomba nilisome mara mbili. Mseti akaliingiza kwenye simu yake, ya baba yake na ya mke wake, akarudi Buhemba. Mambo yakaenda vizuri mpaka simu ya Mama Gasper ilipotumbukia kwenye ndoo ya samaki, wale furu wa ziwani, na yeye akanunua mpya.

Nilifika kwao saa tisa alasiri na mkoba na daftari. Kwenye daftari huwa naandika sababu zote zinazowezekana, halafu nazikata moja moja. Sikusomea kazi hii popote. Nilijifunza kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe, na daftari ndilo linalonizuia kuharibu vya watu. Siku hiyo niliandika: umeme, waya, umbali, kizuizi, simu.

Umeme ulikuwepo. Waya ulikuwa mzima. Ila ruta sikuiona pale nilipoiacha.

"Mama Gasper, ruta imekwenda wapi?"

"Nimeihifadhi."

Akatoa ufunguo, akafungua kabati la vyombo. Ruta ilikuwa nyuma ya masinia mawili makubwa ya alumini, katikati ya mahotipoti ya harusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Taa zake zilikuwa zinapepesa humo ndani kama macho ya paka aliyefungiwa.

"Wale wadudu wa ziwa wakija jioni wanafuata taa," akaeleza. "Nikasema watajaa ndani yake."

"Umefanya jambo la busara. Ila masinia haya, mawimbi yakiyagonga yanarudi yalikotoka."

"Kumbe ni masinia!" akasema haraka. "Basi ni hayo."

Alionekana kuyapenda sana yale masinia kwa wakati huo. Sikulitilia maanani. Niliihamishia ruta juu ya kabati, nikamwachia kitambaa akiweke chini yake, si juu, nikaenda na simu yangu mpaka chumba cha kulala chenye ukuta wa jabali. Mawimbi yalifika, ingawa kwa kuchechemea. Nikakata neno kizuizi kwenye daftari.

"Sasa ingiza paswedi kwenye simu yako tuone. Ni ile ile. Nyamhanga, herufi ya kwanza kubwa..."

"Nipo!" mzee akaitikia kutoka sebuleni.

"Samahani, mzee. Nilikuwa nataja paswedi."

"Taja tu, fundi, taja. Ni yangu hiyo."

Mama Gasper alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama simu yake kama mtu anayesubiri ichemke.

"Nitaiingiza baadaye," akasema. "Nimeacha maji ya ugali jikoni."

Hapo mwingine angeichukua ile simu na kumwandikia. Mimi huwa sishiki simu ya mteja. Niliwahi kufunga ruta Bunda, kwa bwana mmoja aitwaye Benson. Mke wake, Matrida, akanipa simu nimuunganishie. Wakati naandika ukaingia ujumbe kutoka namba isiyo na jina, nami, nikidhani nasaidia, nikausoma kwa sauti: "Umefika salama, asali?" Benson alikuwa amekaa pale pale, na kikombe cha chai mkononi. Baadaye ilijulikana kwamba ni dada yake Matrida aliyebadili laini, lakini hiyo ilikuwa baadaye, na kikombe kilikuwa kimeshavunjika. Tangu siku hiyo mteja anaandika mwenyewe. Mimi naelekeza kwa kidole, na kidole hakigusi kioo.

Kwa hiyo nilikunywa maji, nikaaga.

Jumatano asubuhi akapiga tena, nadhani akiwa juu ya jiwe, maana nilisikia upepo.

"Fundi, bado."

"Umeingiza paswedi?"

"Nimeingiza. Inasema si sahihi. Nafikiri ni umbali."

Nikachukua kile kifaa kidogo cha kuongeza mawimbi, mafundi tunakiita ripita, nikaenda kukichomeka kwenye kona ya chumba. Sasa hata nyuma ya jabali simu yangu ilijaa mawimbi mpaka juu. Nikakata umbali. Likabaki neno moja, simu.

Kabla ya kuilaumu simu ya mtu, nilifungua kompyuta yangu na kuingia kwenye kurasa za ruta. Ruta huandika kila anayebisha hodi. Nikakuta kuna simu moja imebisha na kukataliwa mara kumi na saba tangu Jumanne jioni. Nyingine ni za saa nane usiku. Nikamhurumia. Mtu anayebisha mara kumi na saba hachezi.

"Mama Gasper, unaandika nini hasa?"

"Paswedi."

"Ipi?"

"Si hiyo hiyo."

"Basi andika nikiangalia. Labda vitufe vya simu vinaruka. N kubwa, Y, A..."

"Fundi, mbona unaniangalia mikono hivyo?" akasema, akageukia dirisha. "Kuku wameingia kwenye dagaa."

Akatoka. Nilichungulia. Kuku walikuwa wamelala kivulini, wote, na dagaa walikuwa upande wa pili wa ua.

Nikabaki na mzee Nyamhanga. Alikuwa kwenye kigoda chake, simu ameiegemeza kwenye goti, anatazama ng'ombe wa nchi za mbali wakipelekwa kukamuliwa.

"Ona hii ng'ombe," akaniambia. "Haina nundu. Sasa ng'ombe haina nundu, unaijuaje mbele na nyuma ikiwa imelala?"

"Wana maziwa mengi lakini, mzee."

"Maziwa, ndiyo. Ila heshima hakuna." Akasogeza ukurasa kwa kidole gumba. "Huyo mkwe wangu simu yake imekuwaje? Kila jioni namwona anapandaga juu ya jiwe. Nilidhani anaangaliaga mitumbwi."

"Natafuta sababu, mzee. Nadhani simu yenyewe ina kasoro."

"Simu za siku hizi zinatengenezwaga kwa haraka," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mama Gasper aliporudi nikamwambia kuna njia nyingine, atumie simu yangu kwa usaili. Akatikisa kichwa. Programu ya usaili ilikuwa imesajiliwa kwenye simu yake mpya, na walikuwa wameonya kwamba haihamishwi.

"Ikishindikana kabisa nitakwenda kwa Sara, Buhare, tunafanya naye kazi," akasema. "Ila kwake kuna watoto wanne na jogoo asiyejua saa."

"Usiende. Kesho saa tatu nitakuwa hapa. Tutaimaliza."

Nilisema hivyo kwa moyo mzuri, na ni neno ambalo lingeweza kumkosesha kazi.

Alhamisi nilifika saa tatu na robo. Alikuwa amevaa sare nyeupe ya uuguzi iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na chini yake amefunga kanga, kwa sababu kamera haishuki hadi kiunoni. Chumbani alikuwa ameweka kiti mbele ya jabali jeupe, na meza ndogo, na simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mtandao.

Nilikuwa nimebeba kibodi kidogo cha nje, cha kuchomeka kwenye simu. Nikamwelekeza akichomeke mwenyewe. Tukajaribu kwenye sehemu ya ujumbe, herufi zote zikaandika vizuri. Nikamwambia aandike paswedi. Akaandika akiwa amenigeuzia mgongo. Simu ikakataa. Mara ya kumi na nane.

Nikakaa chini. Kwenye daftari hapakuwa na neno lililobaki.

"Mama Gasper," nikasema taratibu, "nisomee ulichoandika. Sikuangalii. Nisomee tu."

Kutoka sebuleni nilisikia ng'ombe wa kwenye simu akilia.

"Nimeandika Baba Mseti, elfu moja mia tisa arobaini na nane," akasema.

"Baba Mseti?"

"Jana nilijaribu Babu Gasper. Nikajaribu Mzee wa Nyumba. Nikajaribu Baba peke yake. Nilifikiri itaelewa."

"Itaelewa nini?"

"Kwamba ni yeye." Akaonesha kwa kidevu upande wa sebule.

Nilimtazama mpaka akili ilipofika. Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu kando ya ziwa, mama yangu alimwita babu, baba yake baba, "yule wa mlango wa mbele". Alimwita hivyo miaka yote mpaka babu alipofariki. Nilidhani amesahau jina lake, nikawa namkumbusha, na kila nikimkumbusha ananifukuza jikoni. Na sasa siku tatu nzima nilikuwa nimesimama kwenye nyumba ya watu nikilitangaza jina la baba mkwe mbele ya mkwe wake kama napiga mnada, halafu nalaumu masinia.

"Hata kuandika?" nikauliza.

"Kuandika si kutaja kwa mkono?" Akaketi kwenye kile kiti cha usaili. "Siku ya kwanza aliniandikia baba Gasper mwenyewe. Mimi ni muuguzi, fundi, najua utaniona mtu wa zamani. Nimejaribu. Saa nane za usiku nimejaribu. Nikifika herufi ya tatu mkono unakataa. Kwa ukoo wao hakuna aliyeolewa akalitaja jina la baba mkwe, tangu bibi zao."

"Sikuoni mtu wa zamani. Mbona hukuniambia tangu Jumanne?"

"Ningekuambiaje? Siwezi kulitaja jina, kwa hiyo ningekuambia siwezi kutaja jina gani?"

Nilitazama saa. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Buhare ilikuwa imeshakuwa mbali.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Naibadili paswedi sasa hivi. Dakika mbili. Naliondoa jina, naweka lingine."

"Usiliondoe!" akasema, akasimama. "Mume wangu aliliweka kwa heshima. Na yeye mwenyewe anajua limo. Jumapili wageni wakitoka kanisani anawaambiaga."

Tulikuwa tumepandisha sauti bila kujua, na katika nyumba yenye mawe sauti inazunguka. Kigoda kilikwaruza sakafu. Mzee Nyamhanga akasimama koridoni, hatua kadhaa kutoka mlango wa chumba, maana zaidi ya hapo hapiti, na Mama Gasper akarudi nyuma mpaka kwenye jabali.

"Nani anaondoa jina langu?"

"Mzee, ni mimi nilikuwa..."

"Nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Jina la mtu linaondolewaga akiwa anakula ugali?"

Nikamweleza. Nilieleza polepole, kwa mpangilio, toka simu iliyoingia kwenye ndoo mpaka ile mara ya kumi na nane. Alisikiliza huku ameegemea fimbo. Nilipofika kwenye Baba Mseti na Babu Gasper, mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Nilipofika kwenye Mzee wa Nyumba, akageuka akaangalia ukuta ili acheke vizuri.

"Kumi na nane!" akasema alipopata pumzi. "Amenibishia hodi mara kumi na nane, na mimi nipo ndani sijui!" Halafu akaninyooshea fimbo. "Ila wewe, fundi. Yeye amenistahi. Wewe umeniita siku tatu kama unaita mbuzi."

"Nimekosa, mzee."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne kasorobo."

Niliamua kwamba ile sheria yangu ya Bunda inaweza kupumzika kwa dakika moja. Nikanyoosha mkono kuelekea simu.

"Unafanya nini?" mzee akauliza.

"Namwandikia, mzee. Muda umekwisha."

"Simu ya mke wa mwanangu? Mwanangu yuko Buhemba, na wewe unashika simu ya mke wake, na mimi nimesimama hapa naangalia?"

Nikarudisha mkono mfukoni.

"Mwambie alete kigoda," mzee akasema. Hakumwambia Mama Gasper, aliniambia mimi, ingawa mkwe wake alikuwa hatua sita kutoka kwake.

Katika nyumba ile mzee na mkwe wake hawapeani kitu mkononi. Chakula chake, maji ya kunawa, chai, hata barua, vyote huwekwa juu ya kigoda. Anayeweka anarudi nyuma, anayechukua anasogea. Nilikuwa nimeona hivyo tangu siku ya kwanza na nikadhani ni uhaba wa meza.

Mama Gasper akakileta kigoda katikati ya korido. Akafungua simu kwa kidole chake, akafungua pale panapoandikwa nenosiri, akaiweka juu ya kigoda, akarudi mlangoni pa chumba. Mzee akasogea, akaketi kwenye kiti nilichomletea, akavaa miwani, akaichukua.

"Mimi nilisomaga ngumbaru, ile ya watu wazima, Butiama," akaniambia. "Niliandikishwa nikiwa na mke tayari. Vingine vyote nimesahau. Jina langu sijasahau." Akainamia kioo. "Herufi hizi nani alizipanga hivi? A iko huku peke yake kama mchawi."

"N iko chini, mzee, karibu na kulia."

Akaipata. Akabonyeza kama anayegandamiza stempu. Y. A. M. Kioo kikazimika.

"Imekufa," akasema.

"Imelala tu. Inahitaji kidole cha mwenyewe."

Mzee akairudisha juu ya kigoda, akasogeza kiti nyuma. Mama Gasper akaja, akaweka kidole, simu ikaamka, ikiwa imefuta yote. Akarudi mlangoni. Mzee akasogea tena. N. Y. A. M. H. Alikuwa ameongeza mwendo. A. Akainua miwani aifute. Kioo kikazimika.

Nilisimama pale kati yao na mikono mfukoni, fundi mwenye kompyuta, ripita na kibodi cha nje, na kazi yangu yote ilikuwa kusema "sogea" na "rudi". Ilikuwa saa nne kasoro dakika tisa.

"Mama Gasper, ngoja," nikasema. "Ingia kwenye mipangilio. Tafuta kioo. Chini yake, muda wa kuzimika. Umeona sekunde thelathini? Weka dakika kumi."

Akaweka. Simu ikarudi kigodani.

Safari hii mzee aliandika kama anayepanda mbegu, moja, anatazama, nyingine. Kila herufi iligeuka kidoti cheusi.

"Inanificha," akanong'ona.

"Ni siri, mzee. Ili mtu akipita asikuone."

"Sawa."

Nikamwonesha tarakimu zinakokaa. Moja. Tisa. Nne. Alipofika nane alishusha pumzi na kugonga pale nilipomwelekeza, kwa kidole kirefu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kigurudumu kidogo kikazunguka kwenye kioo. Sote watatu tulikiangalia, yeye kwa karibu, mimi kwa pembeni, Mama Gasper kwa shingo ndefu kutoka mlangoni.

Ikaandika: Imeunganishwa.

Mzee akaiweka simu kwenye kigoda, taratibu, uso juu. Mama Gasper akaja, akapiga goti kidogo, akaichukua kwa mikono miwili. Mlango wa chumba ukafungwa saa nne kasoro dakika nne.

Mimi na mzee tulitoka nje, tukakaa chini ya jabali upande wa kivuli. Alizima ng'ombe wake.

"Wasije wakamaliza mtandao," akasema.

Nilitaka kumweleza kwamba ng'ombe wake hawali kiasi hicho, nikaona ni zawadi yake, nikaipokea. Ndani tulisikia sauti ya Mama Gasper, si maneno, sauti tu, ikienda bila kukatika. Kuna wakati ilinyamaza muda mrefu, na mzee akaacha kuchora chini kwa fimbo. Halafu sauti ikaendelea, ndefu, na mwisho wake watu wakacheka, wengi, kutoka kwenye ile simu.

"Wamecheka nini?"

"Sijui, mzee."

"Wamenicheka mimi?"

"Inawezekana wametucheka wote."

Akafikiri. "Kama ni wote, sawa."

Mama Gasper alitoka saa tano kasorobo, kola ya sare imelowa jasho. Alisimama mbele yangu na kuniambia mimi, kwa sauti ya kutosha mtu wa pembeni kusikia.

"Fundi, waliniuliza hivi: ukifika kijiji ambacho mila inamzuia mama kusema tatizo lake mbele ya wakwe, utafanyaje? Nikaona kimya kimenishika. Yale niliyoyasoma usiku yote yalikimbia. Nikawajibu, nitatafuta kigoda."

"Kigoda?"

"Ndivyo walivyouliza na wao. Nikawaeleza. Jambo la asubuhi hii, lote. Kwamba mwenye jina aliliandika mwenyewe, na mimi sikulitaja, na wote tuko salama, na ninyi mnaniona hapo kwa sababu hiyo."

Mzee Nyamhanga akakohoa. "Mwambie," akaniambia, "amejibu vizuri."

"Amesema umejibu vizuri."

"Mwambie asante, na chai iko tayari."

Nikamwambia. Nilikuwa nimechomekwa kati yao kama ripita, na nilifanya kazi bila kukatika.

Mama Gasper alipata kazi. Walimpigia Jumatatu iliyofuata, naye akanipigia mimi, juu ya jiwe, upepo ukivuma, nikalisikia neno moja tu katika matatu, lakini lilikuwa ndilo lenyewe. Ataanza tarehe moja, vijiji vya Bunda, Jumamosi na Jumapili nyumbani. Watampa pikipiki na simu ya kazi.

Aliposema simu ya kazi nikashika kichwa. Simu mpya maana yake kigoda kingine.

Wiki hiyo nilikwenda Bunda kununua waya kwenye duka la Hyasinta, nikamsimulia bila kutaja majina. Alicheka mpaka akaacha kunihesabia mita.

"Stanslaus, miaka yote hiyo unafunga ruta na hujui ule mraba wa vidoti?"

Kweli sikuujua. Akanionesha kwenye simu yangu mwenyewe, mahali nilipopita kila siku bila kubonyeza: nenosiri linageuka picha, mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe, na anayetaka kuingia anauelekezea kamera tu. Haandiki, hatamki, wala hakuna anayeshika simu ya mwenzake. Nikauchapisha kwenye karatasi ngumu, nikautia fremu.

Mzee Nyamhanga aliuangalia muda mrefu, kwanza kwa miwani, kisha bila miwani.

"Hili ni jina langu?"

"Ndilo, mzee. Na mwaka wako umo."

"Mbona sijioni?"

"Hakuna anayekuona. Ila limo lote."

Alichagua mwenyewe pa kuutundika: sebuleni, kulia kwa picha ya Moyo Mtakatifu, chini kidogo, ili isionekane anashindana. Siku hizi wageni wa Jumapili wakiingia anawaambia wainue simu zao, na wanapozielekeza pale ukutani anakaa wima kwenye kigoda kana kwamba anapigwa picha.

Jumamosi ya kwanza Mama Gasper aliporudi kutoka Bunda nilikuwepo, nabadilisha waya uliotafunwa na panya. Aliweka mkoba chini, akatoa ile simu ya kazi, akasimama mbele ya fremu. Aliinamisha macho, akainua simu peke yake juu kidogo ya bega, kwa adabu. Ikalia kidogo. Imeunganishwa.

Mzee alikuwa nje, anawasimanga ng'ombe wasio na nundu.

"Nani huyo ananiita?" akauliza.

"Hakuna aliyekuita, baba," Mama Gasper akajibu, akaenda kuweka maji ya ugali.